Mdogo wetu alipotumia unga: tuliyoyakosea sisi ndugu zake hapa Mtwara, na kilichomrudisha

Mwana wa Mikindani:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, wakubwa shikamooni.

Nimesita muda mrefu kuandika uzi huu, kwa sababu kwetu mambo ya ndani ya nyumba hayatolewi barazani. Mdogo wangu ndiye aliyenipa ruhusa, na amesoma kila aya kabla sijaiweka hapa. Sehemu mbili amezikata, nami nimeziacha zikatike. Kilichonisukuma ni kwamba wiki iliyopita, kwenye msiba mmoja wa hapa Mikindani, niliwasikia wazee wakipanga kumfunga kijana wao kamba ili aache unga, yaani heroini, kwa maneno yale yale tuliyoyatumia sisi mwaka 2015.

Mdogo wangu aliondoka nyumbani akiwa na miaka 19, akaenda Dar es Salaam kuuza viatu vya mtumba. Hakuwa mtoto mtundu. Alianza na kokteli, yaani msokoto wa bangi uliochanganywa na heroini kidogo, ambao mwenzake wa biashara alimwambia unaondoa uchovu wa kutembea juani. Kwa miezi mingi aliendelea kututumia hela huku tayari anavuta, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Aliporudi mwaka 2013, wakati mji wa Mtwara umejaa wageni wa mradi wa gesi na kodi za nyumba zimepanda, tulimpokea kama mtu aliyechoshwa na maisha ya mjini. Alikuwa amekonda, anashinda amevaa shati la mikono mirefu hata jua la Januari, na mchana alisinzia katikati ya mazungumzo, kichwa kikishuka taratibu mpaka kidevu kinagusa kifua.

Wa kwanza kugundua alikuwa mama, na alikigundua kitu ambacho hakukijua jina. Vijiko viwili vya chakula vilikuwa vimeungua kwa chini, vyeusi kama tako la chungu, na ndani vina alama ya kitu kilichochemshwa. Aliviweka juu ya meza akatuuliza nani anapikia kijiko. Hatukujibu, kwa kuwa hatukujua. Baadaye vitu vikaanza kuondoka: simu, betri ya sola, kisha mifuko miwili ya salfa tuliyoinunua kwa mkopo kwa ajili ya mikorosho.

Siku aliyochukua sufuria ndiyo ambayo mama aliizungumzia mpaka alipofariki. Ilikuwa sufuria kubwa, ndani yake mna wali wa mchana. Aliumimina wali wote kwenye sinia, akaufunika kwa kawa ili nzi wasiuguse, ndipo akaenda kuiuza sufuria. Sisi tulimwita mwizi. Mama alituambia, "Huyo aliyefunika wali bado ni mwanangu. Aliyechukua sufuria ni mgonjwa." Tulidhani ni huruma ya uzazi inayomfanya aseme hivyo. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuelewa kwamba mama, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alikuwa ametangulia kuliko sisi wote.

Wasomaji wa huku wanajua kwamba kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera na Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno zito ni la mjomba. Mjomba wetu alikuja kutoka Newala, akasikiliza, akaamua kijana afungwe ndani mpaka sumu imtoke. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshamzungusha kwa waganga wawili na kumnywesha kombe, na sisemi haya kwa dharau, maana dua hatujaiacha hadi leo. Ila dua tuliitumia kama kisingizio cha kutokwenda hospitali.

Tulimfunga siku tisa kwa kamba ya katani. Saa kama nane baada ya kete yake ya mwisho, yaani kipakiti cha unga, alianza kupiga miayo mfululizo, machozi na kamasi vikamtoka bila kulia, vinyweleo vikasimama. Siku ya pili na ya tatu ndizo zilizokuwa mbaya: kuharisha, kutapika, maumivu ya mifupa, miguu inarusha mateke yenyewe, usingizi hakuna kabisa. Hiyo ndiyo arosto. Mama alikuwa akipitisha kikombe cha uji chini ya dirisha kwa sababu mjomba alikuwa amekataza mlango usifunguliwe. Leo najua kwamba arosto ya heroini yenyewe ni nadra kuua mtu mwenye afya, lakini kuharisha na kutapika bila maji ya kutosha kunaweza kuua, na kwamba lile katazo la mjomba lingeweza kutupatia maiti.

Siku ya tisa alikula ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, akacheka. Tukachinja kuku. Malipo ya kwanza ya korosho yalikuwa yametoka chama cha msingi cha ushirika, mjomba akampa shilingi 20,000 akanyoe nywele na kununua shati. Jioni yake tukaitwa stendi.

Alikuwa amelala nyuma ya kibanda cha tiketi. Midomo ilikuwa ya kijivu, kucha pia, na alikuwa akitoa sauti kama ya mtu anayekoroma ndani ya maji, pumzi moja, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Watu walikuwa wakimmwagia maji na mmoja alikuwa na pakiti ya maziwa mkononi, anataka kumnywesha. Kijana mmoja wa bodaboda, Mungu amzidishie, alimlaza ubavu, akamfungua kinywa, akawazuia wenye maziwa, akatubeba hospitali. Ni suala la dakika.

Muuguzi wa usiku ule ndiye aliyeniambia jambo ambalo ningependa kila mjomba wa Kusini alisikie. Alisema kwamba mtu anayetumia heroini kila siku mwili wake unazoea, hivyo anahitaji nyingi ili ahisi kitu, na kiasi ambacho kingekuua wewe yeye kinamfanya asimame tu. Akikaa bila kutumia kwa siku kadhaa, mazoea hayo hutoweka haraka, lakini kumbukumbu ya kiasi haitoweki. Akitoka anachukua kipimo chake cha zamani, na kile kipimo cha zamani sasa ni cha kuua, kwa sababu heroini hupunguza pumzi mpaka ikasimama. Kwa hiyo siku ya hatari kuliko zote kwa mdogo wangu ilikuwa ile tuliyochinja kuku. Ndivyo inavyokuwa pia kwa wanaotoka gerezani, na kwa wanaotoka katika nyumba za kuachia unga ambako hawakuandaliwa kwa ajili ya siku ya kutoka.

Nilimuuliza muuguzi huyo kwa nini mdogo wangu anarudia wakati ameshatoka sumu. Alinieleza kwa mfano, nami nauweka kwa maneno yangu. Mwili wa kila mtu hutengeneza vitu vyake vya kutuliza maumivu na kutupa raha ndogondogo, kama ile ya kula ukashiba au kuogelea ukatoka majini. Heroini hukaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, kwa nguvu nyingi mno, na ubongo ukiona mzigo unaletwa kutoka nje unapunguza kazi yake. Mtumiaji wa muda mrefu anapoacha, anabaki na ubongo usiotengeneza raha yake wala kinga yake ya maumivu, na hali hiyo haiishi kwa siku tisa. Arosto ya mwili huchukua takriban wiki. Kukosa usingizi, huzuni na tamaa vinaweza kukaa miezi. Anapita kwenye kijiwe alichokuwa akivutia, au anashika noti mkononi, na mwili wote unaitika kabla akili haijasema neno.

Sisi wakulima wa korosho tuna ugonjwa wetu unaoitwa ubwiriunga. Ukiingia kwenye maua, mti unapukutisha matunda. Sijawahi kumwona mkulima akiuchapa mkorosho fimbo kwa kupata ubwiriunga. Anatafuta salfa, anapulizia kwa ratiba, na msimu ujao anapulizia tena, wala hasemi kwamba salfa ya mwaka jana ilikuwa kazi bure.

Baada ya hospitali tulibadilisha mwenendo, na hapo ndipo naomba mnisome kwa makini. Jambo la kwanza tuliacha kumwita teja. Jambo la pili tuliacha kumpa fedha mkononi, hata nauli. Chakula alikipata, dawa ya malaria tulimnunulia wenyewe, na vyumba vyenye vitu tulivifunga kufuli bila matusi. Tulimwambia wazi kwamba hatutalipa deni la pusha yeyote, yaani muuza unga, na siku pusha alipokuja mlangoni hatukulipa. Jambo la tatu tulimchagua mtu mmoja wa kuzungumza naye badala ya kikao cha watu kumi na wawili. Alikuwa binamu yetu, mvuvi, mtu wa maneno machache. Alikuwa akimfuata asubuhi, baada ya mdogo wangu kutumia kiasi cha kutokuwa na arosto lakini kabla hajalewa kabisa, kwa maana mtu aliye kwenye arosto atakubali lolote ili umwache, na aliyelewa hatakumbuka. Hakumhubiria. Alimwambia alichokiona: "Jana nilikukuta umelala kwenye nyavu zangu, ukiwa umejikojolea. Niliogopa kwamba umekufa." Kisha alimuuliza anataka nini, akanyamaza, akasubiri jibu.

Ilichukua miezi mitatu. Jibu lilikuja Februari 2016, usiku, kwa sauti ndogo: "Nimechoka." Kwa bahati tulikuwa tumejiandaa. Nauli ilikuwa imetengwa kwenye kopo, mama mdogo anayeishi Mbagala alikuwa ameshakubali kumpokea, na tulikuwa tumeshauliza wapi pa kwenda. Tulipanda basi la alfajiri. Ningekuwa nimesema "tutafute hela mwisho wa mwezi," nisingekuwa na uzi wa kuandika, kwa kuwa mlango huo hufunguka kwa saa chache.

Njiani tulipotea mara moja, na nalisema hili ili mwingine asipotee. Kabla ya matibabu halisi tulipelekwa kwenye nyumba moja ya kuachia unga ambayo sitaitaja, tukakuta vijana wamefungwa minyororo miguuni na msimamizi anajisifu kwa hilo. Tulitoka. Zipo nyumba nzuri za upataji nafuu, nyingine zinaendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, na wao ndio wanaoijua njia. Ukifika, uliza kama nyumba imesajiliwa, kama kuna mtaalamu wa afya anayefika, kama mzazi anaruhusiwa kumwona mtoto wake faragha, na nini hufanyika siku ya kutoka. Wakichukia maswali, ondoka.

Hatimaye alianza metadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, katika kliniki ya Temeke. Huduma hii ilianza Tanzania Bara mwaka 2011 pale Muhimbili, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye imefika katika mikoa mingine, na haitozwi fedha. Wakati ule kabla ya kupokelewa ilibidi apitie kwa asasi inayofanya kazi na waraibu mitaani, ahudhurie vikao na awe na ndugu wa kumsindikiza. Dawa ilikuwa ya maji, aliinywa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Dozi ilianza ndogo ikapandishwa kwa wiki kadhaa, na katika siku hizo za mwanzo tulionywa asiguse pombe wala vidonge vya usingizi, kwa sababu vikichanganyika na metadoni vinaweza kusimamisha pumzi. Kila siku saa 11 alfajiri alipanda daladala kutoka Rangi Tatu, pale Mbagala. Mama mdogo alikuwa akimpa nauli ya kwenda, na ya kurudi alikuwa ameiacha kwa muuza chai wa pale nje, kwa makubaliano. Ujanja mdogo, lakini ulifanya kazi.

Msimu wa 2017, korosho ilipovuka shilingi 3,500 kwa kilo, alikuja nyumbani kwa ruhusa ya siku chache kusaini malipo ya shamba alilorithi. Alipokea fedha nyingi kuliko alizowahi kushika maishani. Alipotea siku nne. Nilitaka kukata tamaa, nakiri. Binamu yetu akaniambia kwa upole kwamba hatujawahi kuung'oa mkorosho kwa msimu mmoja mbaya. Alirudi kliniki mwenyewe, wakaanza na dozi ya chini tena kwa usalama wake, kwa kuwa siku alizokosa zilikuwa zimepunguza mazoea ya mwili. Toka hapo fedha ya msimu inaingia kwenye akaunti ambayo saini yake ni ya watu wawili, kwa ombi lake.

Leo anakalafati vyombo hapa Mikindani. Anakaa chini ya ubavu wa mashua, anasukuma pamba iliyolowa mafuta kwenye mshono wa mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, anagonga, anasikiliza mlio, anagonga tena. Mikono iliyokuwa ikitetemeka haitetemeki. Ana siku mbaya, na akiwa nazo ananipigia simu.

Nitajibu maswali nitakavyoweza.


Korosho Ghafi:

Ndugu, pole kwa yaliyowakuta, lakini naomba tusidanganyane. Hao vijana wanajitakia. Mimi nimeishi Masasi na nimeishi Kinondoni, nimeona mengi. Sasa serikali inawapa dawa ya kulevya bure kila asubuhi, kwa kodi ya mkulima. Hapo tumebadilisha ulevi kwa ulevi tu. Isitoshe, haya ni mambo ya Dar, huku kwetu yanaletwa na malezi legevu.


Muuguzi wa Zamu:

Kaka Korosho Ghafi, nakujibu kwa heshima kwa kuwa swali lako wanalo wengi. Nimefanya kazi ya uuguzi mkoani Lindi kwa miaka mingi.

Heroini hupanda kichwani kwa sekunde na kuisha kwa saa chache, kwa hiyo mtumiaji anapanda na kuanguka mara tatu au nne kwa siku, na kila anapoanguka anatafuta hela kwa njia yoyote. Metadoni ikinywewa huingia polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Kwa dozi iliyopangwa vizuri hailewi. Inaondoa arosto na kupunguza tamaa, na hata akitumia heroini juu yake haipati ile stimu aliyoizoea. Mtu anaamka, anakunywa dawa, anakwenda kazini. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini. Kuna faida nyingine ambayo wewe na mimi tunaipata bila kujua: asiyejidunga hachangii bomba la sindano, na kuchangia bomba ni njia kubwa ya kusambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C, ambavyo vikishaingia kwa mtu huyo vinamfuata mkewe nyumbani.

Kuhusu kwamba ni mambo ya Dar, mwaka 2012 zilikamatwa hapa hapa mkoani Lindi zaidi ya kilo 200 za heroini kwa mkupuo mmoja. Mzigo unaotoka Afghanistan huvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi na kushushwa kwenye pwani ndefu kama hii yetu. Mahali mzigo unapopita, kidogo hudondoka, na kinachodondoka hupata wanunuzi.

Naongeza kwa mwenye uzi. Ukimkuta mtu amezidisha dozi, mtikise na umwite kwa sauti. Asipoamka na pumzi ni chache, mlaze ubavu, hakikisha njia ya hewa iko wazi, na kama hapumui mgeuze chali umpulizie mdomo kwa mdomo huku mwenzako anatafuta usafiri. Usimpe maziwa, maji wala chumvi, vitaingia mapafuni. Hospitali kuna dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa heroini kwenye vipokezi kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya heroini, kwa hiyo akiamka asitoroke, anaweza kulala tena. Na mwambieni mhudumu ukweli kwamba ametumia nini. Tunaopokea tunataka kujua cha kutibu.


Aliyevuka:

Nina miaka sita bila unga. Sitaandika mengi. Ndugu zangu walikuwa na kawaida ya kuhesabu vijiko mbele yangu kila baada ya kula. Nilikuwa nimeshaacha kwa mwaka mzima, na bado walikuwa wakihesabu. Ulinzi wa vitu ni haki yenu, lakini fanyeni akishatoka chumbani. Mama yangu alikuwa na tabia nyingine: kila nilipotoka kliniki aliniuliza nimekula nini, basi. Hilo swali ndilo lililonishikilia.


Korosho Ghafi:

Muuguzi, umenijibu bila kunitukana, nami nashukuru. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina chanzo. Kaka yangu mkubwa hatumii unga. Anakunywa gongo ya mabibo kuanzia asubuhi, na msimu wa uraka, ile pombe ya maji ya mabibo, ndio anapotea kabisa. Akikosa hata nusu siku mikono inatetemeka. Je, na yeye anaweza kupelekwa kwenye hiyo metadoni, au na sisi tumfungie ndani siku tisa?


Muuguzi wa Zamu:

Msimfungie, kaka yangu, nakuomba sana. Metadoni ni kwa ajili ya heroini na jamii yake tu; haimtibu mlevi wa gongo, wala wa bangi, wala wa mirungi. Na pombe ina hatari ambayo wengi hawaijui: kuiacha ghafla kwa mtu aliyeizoea sana kunaweza kuua kuliko hata kuacha heroini. Mtetemo wa mikono unaoueleza ni dalili kwamba mwili umeshategemea. Akikatishwa, ndani ya siku moja au mbili anaweza kupata degedege, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, akapandwa na homa na jasho jingi. Huyo anaachishwa hospitali, kwa dawa zinazopunguzwa siku hadi siku pamoja na vitamini B1. Mpaka mtakapofika huko, asizuiwe kwa nguvu. Mwelezeni mnakokwenda na kwa nini, kisha mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizeni kitengo cha afya ya akili. Neno "akili" lisiwatishe, ndipo wanapotibiwa waraibu.


Mama Nachingwea:

Nimeusoma uzi huu tangu jana usiku na nimeogopa kuandika. Wote mnazungumzia vijana wa kiume. Mimi wangu ni binti, ana miaka 23, amerudi kutoka Dar mwezi uliopita na ana mimba ya miezi mitano. Anavuta unga. Baba yake amesema hatamtaka hapa nyumbani akijifungua, na shangazi zake wanasema aachishwe leo leo ili mtoto apone. Jana usiku ameniambia hayo maneno ya kwenye uzi, kwamba amechoka. Nifanye nini, wanangu? Nikienda naye hospitali, hawataniitia polisi?


Muuguzi wa Zamu:

Mama, shikamoo. Kwanza umshukuru Mungu kwamba amekwambia. Mabinti wengi hawasemi, kwa sababu mwanamume anayetumia unga anaitwa teja, na mwanamke anaitwa jina baya zaidi, kwa hiyo wanajificha mpaka siku ya kujifungua.

Sasa nisikilize vizuri. Asiachishwe ghafla nyumbani. Arosto kwa mjamzito hukaza tumbo la uzazi, na mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Mjamzito anayetumia heroini anashauriwa kuanzishiwa metadoni chini ya uangalizi, huku anahudhuria kliniki ya wajawazito kama mwanamke mwingine yeyote. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto yake ndogo, kulia sana na kutetemeka, nayo inajulikana na inatibika. Apimwe pia virusi vya Ukimwi mapema, maana dawa za kumkinga mtoto zipo. Anayekupokea hospitali ni mhudumu wa afya. Kazi yake ni kumtibu binti yako.


Mwana wa Mikindani:

Mama, naongezea ya nauli na njia. Kuna namba ya bure, 119, ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Piga, waeleze kwamba uko Nachingwea na una mjamzito, waulize kliniki ya kumpokea na utaratibu wake. Usisubiri wakupangie kila kitu. Kesho asubuhi anza na hospitali uliyo karibu nayo, mwende na kadi yake ya kliniki. Baba usimbishie usiku wa leo, utamaliza nguvu unazozihitaji asubuhi. Kama kuna mjomba wa binti mwenye busara, mpigie huyo, aseme na baba. Kwetu mjomba ndiye aliyefunga kamba, lakini ni yeye pia aliyesimama mbele ya ukoo mwaka 2016 akasema amekosea. Nilisahau kuliandika hilo juu.

Njiani chukua maji mengi, na kanga nzito zaidi ya moja. Akianza kupiga miayo na kusikia baridi juani usidhani ni malaria.


Korosho Ghafi:

Mama, mimi nina gari la mizigo linalopita Nachingwea kesho alfajiri kuelekea Lindi. Nikuandikie kwa faragha?


Mama Nachingwea:

Tumefika tangu saa mbili na nusu. Mjomba wake amekuja pia, yuko nje anaongea na baba yake kwa simu, na sauti yake haijapanda hata mara moja. Namba yetu ni 14, sasa wameita 9. Amejifunika kanga zote tatu na bado anatetemeka, ameniegemea. Amenidokeza kwamba anataka uji, na wenzetu tuliokaa nao benchi moja wameniambia pa kuununua, nyuma ya jengo.